Saa Yangu Iliyopigwa Mnada kwa Mabati

Nitawasimulia, lakini kwanza malizeni kunywa chai, maana mara ya mwisho niliposimulia habari hii shemeji yangu alipaliwa mpaka tukampiga mgongo, na aliyelaumiwa ni mimi. Aibu niliyoipata kule Kawangware ni ya aina ambayo hata ukihama mtaa inakufuata. Kuna watu mpaka leo hawajui kwamba naitwa Kioko, wananijua tu kama yule fundi wa saa wa kanisani, na mimi hata si muumini wa kanisa lile, nilikwenda siku moja tu, na siku moja ilitosha.

Kazi yangu ni kutengeneza saa. Kibanda changu wakati ule kilikuwa mtaa wa Laini Saba, kando ya reli, kati ya mshona viatu na kijana mmoja wa kuchaji simu, kibanda cha mabati juu mpaka chini, na nilikijenga kwa mikono yangu nikajisifu sana. Sasa mwaka ule wa uchaguzi, kabla mambo hayajaharibika, nilikuwa na saa mbili. Moja ilikuwa feki ya ile saa kubwa ya Uswisi (jina silitaji, mnaijua, ile wanayovaa watu ambao hata hawahitaji kujua saa kwa sababu wengine ndio wanaowasubiri). Ya pili ilikuwa ile ile lakini ya kweli, tena mzoga mtupu: ilizama majini, mashine ikaoza kwa kutu, halafu fundi fulani asiye na haya akajaribu kuifungua kwa nyundo, bodi, yaani kasha lake, ikapasuka. Mtu mwenye akili angeitupa. Mimi nikaitazama, nikaona kioo hakina hata mkwaruzo, mkufu mzima, mfuniko wa nyuma mzima, na kile kifundo cha pembeni cha kutegea saa bado kinazunguka vizuri, nikasema, haya, nikihamishia hivi vya kweli kwenye ile feki, nani atajua?

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Vitu vya kweli havikutaka kabisa kukaa na vitu vya feki. Kioo kilikuwa kidogo kuliko nafasi yake, nikakata mpira wa tyubu ya baiskeli nikauzungushia kikabana. Mfuniko ulikataa, nikapiga tupa bodi mpaka ukakubali. Mashine nayo ikawa inacheza humo ndani ukitikisa mkono, nikakata kipande cha pakiti ya biskuti, nikakikunja, nikakibana chini yake ikatulia. Nilifanya kazi hiyo wiki nyingi, wateja wakija kuuliza saa zao nawaambia kesho, na kesho yake nawaambia kesho. Nilipomaliza, cha feki kilichobaki kilikuwa bodi na mashine tu, yaani roho yenyewe ya saa, lakini kwa nje hata mimi niliyeitengeneza nilikuwa nikiitazama najiuliza mara mbili. Na kwa vile mdomo wangu hauna breki, nilimwonyesha kila mtu kama saa ya kweli, na wa kwanza alikuwa Mama Electina.

Mama Electina anatoka mkoa wa Magharibi, na alikuwa akiuza uji na mandazi mbele ya kibanda changu. Kwake kulikuwa Soweto West, si mbali, na kwa kuwa kibanda hakikuwa na kufuli la maana, jioni nilikuwa namwachia sanduku langu la vyombo, asubuhi ananiletea pamoja na uji. Siku niliyoweka ile saa humo nikamwambia alitunze sana hilo sanduku, kwa sababu humo ndani mna kitu cha thamani kuliko nyumba zote za Soweto West zikiwekwa pamoja. Nilikuwa natania. Nadhani nilikuwa natania.

Basi uchaguzi ukaja, matokeo yakaja, na vurugu zilizofuata mnazijua, sina haja ya kuwachosha. Reli iking'olewa mimi nilikuwa nimejifungia ndani. Vijana wa upande huu wanakuuliza unatoka wapi, wa upande ule wanakuuliza ulimpigia nani kura, na sisi Wakamba tulikuwa na bahati mbaya ya kutoaminiwa na yeyote, ukijibu hivi unakosea, ukijibu vile unakosea. Katika hizo siku moto ukashika mstari wa nyumba alimokuwa Mama Electina. Nilimkuta barabarani, mtoto mgongoni, sanduku langu kichwani, na hana kingine chochote, si sufuria, si blanketi, hata viatu hana. Akanishushia sanduku miguuni, akasema, "Chukua vitu yako, Fundi." Nikafungua. Saa ilikuwa salama kabisa, inatembea.

Yeye akaenda kwa kaka yake Kawangware, na kaka yake, mtu mwema, akampa kipande cha uwanja nyuma ya nyumba yake. Watu wa kanisa lao wakamjengea kuta za udongo chumba kimoja. Kilichobaki kilikuwa paa, na mvua kubwa ilikuwa inakaribia. Kwa hiyo wakubwa wa siasa walipokwisha kupeana mikono na barabara zikawa zinapitika, kanisa likaitisha harambee, na kiongozi wa mambo hayo, Shemasi Zakayo, akaamua watu wasilete pesa, walete mabati, kwa sababu bati huwezi kulitia mfukoni ukasema limepotea njiani. Ukinunua kitu kwenye mnada, unalipa kwa mabati. Mimi nilipopata habari nikasema nitatoa mabati mawili, na nilikuwa nayo kweli, yameegemea ukuta nyumbani.

Jumapili hiyo navaa, mke wangu Mwende akaniona nafunga ile saa. Akaniambia, "Baba Mumo, hiyo saa si uiache tu. Unaenda kusaidia mtu ama unaenda kuangaliwa?"

Nikamwambia mtu husaidia vizuri zaidi akiwa anaheshimika. Hayo ndiyo maneno yangu, nayakumbuka, na kama ningeweza kurudi nyuma ningejipiga kofi pale pale mlangoni nikaenda na mkono mtupu.

Sasa kwa wale ambao hawajawahi kukaa kwenye mnada wa kanisa, niwaeleze. Watu huleta kuku, mkungu wa ndizi, malenge, keki, na shemasi anaviuza kwa yule anayetaja zaidi. Lakini kuna desturi: mtu mwenye moyo akishanunua, analipa lakini hachukui, anasema "narudisha mezani," na kitu kinauzwa upya. Siku hiyo kulikuwa na jogoo mmoja aliyenunuliwa mara nyingi hivi kwamba alikuwa amechoka kuliko sisi. Lakini mabati yalikuwa yanakuja moja moja, wengi wa waliokuwapo walikuwa wamepoteza vitu wenyewe, na unaona kabisa kwamba kwa mwendo huo Mama Electina atapata paa la nusu chumba. Alikuwa ameketi mbele, kwenye kiti cha mgeni, amefunga kitambaa cha kuazima.

Shemasi akatazama dirishani akauliza ni saa ngapi, kwa vile kwaya ilikuwa imekula muda wote. Kulikuwa na watu wengi wenye simu mfukoni. Kulikuwa na saa ya ukutani, ingawa ilikuwa imesimama (na hiyo peke yake ingenipa kazi ya heshima siku hiyo kama ningekaa kwa adabu). Lakini mimi nikainuka. Sikuitazama saa mkono ukiwa chini kama watu wengine, nikaunyosha mkono juu ili mkono wa koti urudi nyuma wenyewe, nikautikisa kidogo, nikatangaza muda kwa sauti ya mtu wa redio.

Shemasi Zakayo akamwacha jogoo mezani. Akashuka pale mbele, akaja moja kwa moja mpaka kwangu, akanishika mkono, akaiangalia saa, akaniangalia mimi. Kisha akageukia watu akasema, "Wapendwa, tulikuwa tunauza jogoo na huku Mungu ametuletea kitu. Fundi ametoa saa yake."

Mimi sikuwa nimetoa kitu. Lakini wanawake walishaanza vigelegele, na Mama Electina aliposikia akafunika uso kwa kile kitambaa akalia, sasa niambieni, hapo unasema nini? Unasema, samahani mama, usilie, shemasi amekosea? Shemasi alishaufungua mkufu. Nikabaki nimeshika mkono wangu mtupu, nacheka kama mtu aliyeumwa jino.

Bado ningepona. Ingeuzwa kwa bati moja au mawili, mtu angeivaa, angefurahi, mambo yangeishia hapo. Lakini kulikuwa na Bwana Wafula. Huyu ana duka la vifaa vya ujenzi pale pale Kawangware, na zamani alikuwa dereva wa tajiri mmoja, kwa hiyo kuhusu vitu vya matajiri yeye ndiye mwalimu wetu sote. Akasema iletwe aipime, asije mtu akauziwa takataka kanisani. Nikashukuru moyoni. Nikasema huyu ataitambua, atasema ni feki, tutacheka, nitairudisha mfukoni.

Akaipima uzito mkononi. Mkufu ulikuwa wa kweli, kwa hiyo uzito ulikuwapo. Akazungusha kile kifundo cha pembeni, kikafunguka na kujifunga taratibu jinsi kinavyotakiwa, kwa kuwa kilikuwa cha kweli. Akaomba maji, akadondosha tone moja juu ya kioo, na tone likakaa pale limejikusanya, halikusambaa, likakataa hata kutikisika, kama inavyokuwa kwa kioo cha saa ghali. Kanisa zima lilisimama kuangalia tone. Bwana Wafula akainua macho akasema, "Hii kitu ni orijino. Mdosi wangu alikuwa nayo. Mimi naijua hii saa."

Niliudhika kuliko nilivyoogopa, nawaambia ukweli. Miaka yote watu wananiletea saa wakilalamika kazi yangu haidumu, na siku hiyo moja ambayo nilihitaji kazi yangu iwe mbovu, ikawa nzuri mpaka inaaibisha. Nikamwambia Shemasi kwamba saa hiyo si nzuri hivyo. Watu wakacheka, wakasema fundi ni mnyenyekevu. Nikamwambia ina historia. Akatangaza kwamba tena ina historia.

Bwana Wafula akasema mabati matano. Hapo akili yangu ikaanza kwenda mbio kwa upande mbaya. Nikaona atakavyoipeleka mjini kuitia bima au kuitambia, fundi wa huko ataifungua, atakuta mashine ya mitaani imekalia pakiti ya biskuti, na Bwana Wafula atarudi kudai mabati yake, wakati huo yakiwa juu ya kichwa cha Mama Electina. Na kwa jinsi siku zile zilivyokuwa, ugomvi wa bati ungegeuka ugomvi wa watu wa huku na watu wa kule kabla ya jioni. Kwa hiyo nikafanya nini? Nikasema mabati sita.

Watu wakageuka kuniangalia. Mtu anainunua saa aliyoitoa mwenyewe. Shemasi akaona maana yake (maana yake yeye), akasema huo ndio upendo, kutoa na kukomboa. Bwana Wafula hakuupenda huo upendo, akasema manane. Nikasema kumi. Mimi, mwenye mabati mawili. Shemasi akapiga meza, imekwenda kwa Fundi, makofi yakalia, na mimi nikanyoosha mkono niichukue saa yangu niende nayo nyumbani nikaanze kutafuta mabati kwa amani.

Shemasi akaiinua juu zaidi. "Na kama ilivyo desturi yetu," akasema, "ndugu yetu anairudisha mezani."

Nilikuwa nimesahau desturi. Nimeketi pale mchana kutwa natazama jogoo akirudishwa mezani, na nikasahau. Na kabla sijafungua mdomo Bwana Wafula, ambaye sasa aliona nimemchezea mbele ya watu wa kwao, akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema mabati ishirini. Hilo lilikuwa paa zima na ziada. Mama Electina alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili. Shemasi akaanza kuhesabu, mara ya kwanza, mara ya pili, na mimi nikasikia sauti yangu inatoka bila ruhusa.

"Shemasi, hiyo saa ni feki. Nje ni ya kweli, ndani ni feki. Niliitengeneza mimi."

Mnadhani walishtuka? Hawakuamini. Mzee mmoja nyuma akasema namwonea Wafula wivu. Mwingine akasema nimeanza kuionea uchungu saa yangu, nataka kuiharibia jina ili nibaki nayo. Shemasi akaniambia kwa upole nikae chini, Mungu hupenda atoaye kwa moyo mkunjufu. Hebu fikirieni, nimedanganya tangu asubuhi kwa kuivaa tu na watu wote wakaamini, nasema ukweli mara moja, tena kanisani, naambiwa nikae chini. Ikabidi niende mbele, nikamnyang'anya saa mkononi, nikatoa kisu changu kidogo cha kazi, nikaufungua mfuniko pale juu ya meza kati ya malenge na ndizi.

Mashine ikatokea. Bwana Wafula akainama, akasema yeye anaona inazunguka, sasa ubaya wake ni upi? Basi nikaingiza ncha ya kisu, nikaivuta ile karatasi iliyokunjwa, nikaikunjua juu ya meza, na kila aliyekuwa karibu akaona picha ya biskuti, nusu ya biskuti na nusu ya jina lake.

Aliyeanza kucheka alikuwa mwanakwaya. Kisha kanisa lote, na si kicheko cha kawaida, walicheka kama watu ambao hawakuwa wamecheka tangu Krismasi, na wengi hawakuwa wamecheka kweli. Wakamwuliza Bwana Wafula kama mdosi wake pia alikuwa anakula biskuti hizo. Bwana Wafula akachukua kofia yake. Akasema mabati ishirini yalikuwa ya saa, na kama hakuna saa hakuna mabati, akatoka bila kumuaga mtu. Hapo ndipo kicheko kilipokatika, kwa sababu kila mmoja alipiga hesabu ya paa, na macho yote yakarudi kwangu.

Mama Electina akasimama. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniua. Akaniuliza, "Fundi, hiyo ndiyo ilikuwa kwa sanduku?"

Nikamwambia ndiyo, mama.

Akasema, "Mimi nilikuwa nimeshatoka na mtoto. Nilirudi ndani kuchukua hiyo sanduku."

Akaketi. Sikujua kabla ya hapo kwamba alirudi. Nilidhani alilibeba kwa sababu lilikuwa mlangoni, au nilipenda kudhani hivyo, na nikasimama pale mbele ya watu na kisu mkononi nikatamani sakafu ya kanisa ipasuke. Nilimwonea haya mpaka nikashindwa kumtazama, nikamtazama jogoo.

Basi nikasema kwamba mabati nitatoa mimi. Shemasi akauliza, mabati gani, Fundi, maana sasa alikuwa mwangalifu. Nikamwambia yale mawili yaliyo nyumbani, na ya kibanda changu cha Laini Saba, ya juu na ya ukutani, yote. Hakuna aliyepiga makofi. Akaniuliza kama hayo angalau ni mabati kweli, nikasema ni mabati.

Na mkidhani yaliishia hapo, hamumjui Shemasi Zakayo. Akaishika ile saa iliyofunguka, akaniuliza kioo ni cha kweli? Nikasema ndiyo. Mkufu? Ndiyo. Akasema basi tuanze na kioo. Akaiuza vipande vipande, mbele yangu, kwa misumari! Kioo kilikwenda kwa mtu wa miwani. Mkufu, ule mkufu wa Uswisi nilioung'arisha kwa dawa ya meno usiku na mchana, ulinunuliwa na bibi mmoja kwa kilo ya misumari, na mpaka leo ndio unaofunga mlango wa banda lake la kuku, nimeuona kwa macho yangu. Mashine ya feki haikupata mnunuzi. Niliirudisha nyumbani mfukoni, na kwa kunikomoa haijawahi kusimama.

Nilimweleza Mwende yote. Aliniletea nyundo. Tulikibomoa kibanda siku iliyofuata, mshona viatu akisaidia na kuuliza maswali, tukayapakia mabati kwenye mkokoteni mpaka Kawangware, yamejaa matundu ya misumari ya zamani. Nilikaa juu ya lile paa siku mbili nikipigilia na kuziba matundu kwa lami, mvua ikaanza kabla sijashuka. Wenzangu, msimu ule wote nilitengeneza saa mezani chini ya karatasi ya nailoni, upepo ukija nalala juu ya meza kuzuia skrubu.

Saa sivai tena, na sitavaa. Mteja akinishangaa, fundi wa saa asiye na saa, namwambia mkono unaniwasha. Lakini kuvaa ndio rahisi kuacha, kinachonimaliza ni lile paa, kwa sababu kila mvua ikinyesha Mama Electina ananitumia habari kwamba linavuja, mara upande wa mlango, mara juu ya kitanda cha mtoto, nami naacha kazi natembea mpaka Kawangware na kopo la lami. Amerudi kucheka siku hizi, anauza uji huko huko. Anasimama chini ya ngazi, ananipa brashi, na kila mara, bila kukosa, ananiuliza kwa sauti ambayo majirani wote wanasikia, "Fundi, na hiyo lami ni ya kweli?" Nachovya brashi. Ninapaka.